Mkindu au mtende: upi wa kupanda uani?

Ikiwa bado miche, hata wauzaji huichanganya. Mkindu ni wa kwetu Afrika. Mtende asili yake ni nchi kavu za Uarabuni na jirani zake. Tazama jani: la mtende ni gumu, kijani cha kijivu, la mkindu ni kijani kibichi linalong'aa. Ikikomaa hukosei. Mkindu huota mashina mengi membamba yaliyoinama huku na huku, mtende husimama kwa shina moja nene. Miiba inayo yote miwili, tena mikali, basi isiwe karibu na mlango.

Kwa maji, kisima chako kikiwa cha chumvichumvi, mtende utavumilia zaidi. Mkindu hupenda penye unyevu.

Mazao ndipo watu wanapojidanganya. Tende hutaka joto kavu ili ziive vizuri, na unyevu wetu wa Mombasa pamoja na masika huziozesha. Usipande mtende kwa ndoto za futari! Tena kuna dume na jike, na kokwa haikwambii itatoa upi. Afadhali chipukizi la mti jike. Mkindu nao una jinsia mbili, lakini tunda zake ndogo za rangi ya machungwa zina nyama haba, hufaidi ndege. Faida yake ni ukindu wa mikeka.

Mkindu usipopunguzwa machipukizi huwa kichaka. Ua mwembamba, mtende. Mwenye nafasi na msusi wa mikeka nyumbani, mkindu.