TAHADHARI: Puli ya mtumba, maduka ya spea Gerezani, Dar, nimeuziwa gundi iliyopakwa rangi

Nimekaa siku tisa bila kuandika kwa sababu ya aibu. Leo nimeamka hasira imeizidi aibu, kwa hiyo someni.

Gari langu mnalijua, Corolla 110, na kelele zake za asubuhi mnazijua pia, hasa majirani. Fundi wa kwanza (yule yule, msiniulize) alisema altaneta (ile inayochaji betri) imekaa upande, akaipachika washa mbili kwa nyuma ili puli (magurudumu yanayopitisha mkanda) zilingane. Kelele ikaisha wiki moja, ikarudi, na mkanda ukaanza kuota nyuzi pembeni. Fundi wa Mabibo ndiye aliyeweka rula ya chuma juu ya puli: ya altaneta na ya pampu ya maji ziko mstari mmoja, ya krenki (mhimili mkuu wa injini) imeingia ndani kama milimita nne. Puli ile ni kitovu cha ndani na ringi ya nje, katikati raba. Raba ikizeeka ringi inateleza na kutembea, hapo hata ujaze washa za duka zima hazisaidii. Akanituma Gerezani nikanunue nyingine.

Sasa naomba mnielewe. Mimi ni mtoto wa fundi. Nimekua nikishika tochi chini ya boneti za watu. Siendi Gerezani kama mgeni, na ndiyo maana sikumchukua fundi. Kosa la kwanza hilo, nimeshalilia.

Kijana alinidaka barabarani. "Dada, puli ya 5A? Twende." 5A ndiyo injini yangu. Nilikuwa sijafungua mdomo, ila mkononi nilishika ile mbovu. Akaniingiza dukani, akapita nyuma ya kaunta kama mwenye mali, wenzake humo ndani wanamwita bosi. Akatoa boksi jipya linalong'aa. "Hii elfu 60, lakini sikuuzii. Utarudi hapa kunitukana, za boksi hizi zote feki." Jamani, mfanyabiashara anayekukataza kununua mali yake! Hapo ndipo nilipokwisha. Akapanda ngazi, akashusha puli ya mtumba yenye namba za rangi ya njano, zile wanazoandika kule magari yanakofunguliwa. Elfu 90. Akaniambia, "Kwaruza raba kwa kucha yako mwenyewe, usiniamini mimi." Nikakwaruza. Ngumu, nzima, haina ufa. Akaiviringisha juu ya kioo cha kaunta, haikuyumba hata kidogo. Tukavutana mpaka elfu 80, nikatoa simu kulipa.

Nikiwa nabonyeza namba ya siri, akasema, "Lete nikufungie dada, isikuchafulie gauni." Akaingia nyuma ya pazia. Haikufika dakika. Akarudi na furushi la gazeti lililozungushiwa selotepu mpaka gazeti halionekani. Nikalipima kwa mkono, uzito ule ule. Nikashukuru. Nikamwongezea elfu mbili ya soda.

HIYO ELFU MBILI INANIUMA KULIKO ILE 80.

Jioni umeme ukakatika, fundi akafunga puli kwa tochi ya simu, mimi niko ndani na wageni (msiba wa Kibaha, mnajua). Siku tatu gari limetulia kama jipya. Ya nne, Kimara, mama mkwe siti ya mbele: taa ya betri ikawaka, mshale wa joto ukaanza kupanda. Kwa injini hii mkanda wa altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji, ukikatika usijidanganye eti utajikongoja mpaka nyumbani. Nikazima pale pale barabarani. Mama mkwe akauliza kwa upole, "Si lile ulilolitengeneza juzi?" Sikuwa na jibu.

Ringi ilikuwa imeachana kabisa na kitovu, imekata mkanda na kutafuna kava ya taimingi. Katikati raba hakuna. Ni silikoni nyeusi, ile ya kubandikia gasketi, imepulizwa rangi juu. Namba za njano? Hazipo. Niliyoikwaruza siyo niliyobeba.

Nikarudi dukani. "Huyo ni winga tu mama, hatumjui." Winga, yaani dalali wa barabarani. Hamumjui, na amepita nyuma ya kaunta yenu, akapanda ngazi yenu, akaingia stoo yenu? Namba niliyolipia haipatikani. Risiti ni kipande cha boksi kilichoandikwa "puli 1". Ndiyo, najua risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ni haki yangu, msianze.

Huyu kijana akamatwe. Na mwenye duka akamatwe naye, kwa sababu pazia ni lake. Sisemi kijana apigwe, mimi si mtu wa hivyo. Nataka afungwe ile ringi shingoni azungushwe Gerezani nzima mchana wa jua, kila duka asimame aeleze silikoni inapakwaje. Halafu alipe mkanda, kava, gari la kuvuta, na aende mwenyewe kumwomba radhi mama mkwe. Kuna waliosema nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani, nitapeleka, ila moyo wangu uko kwenye ile ringi ya shingoni.

Mkienda huko: ulichokikagua kisitoke mkononi mwako, kifungwe mbele ya macho yako au ubebe bila kufungwa, gauni litafuliwa. Rangi mbichi nyeusi juu ya spea ya mtumba, ondoka. Na fundi akishafunga, achore mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kitovuni, upite juu ya raba hadi kwenye ringi. Endesha siku mbili, angalia. Mstari ukikatika, ringi inateleza. Hili nililijua tangu niko darasa la tano na sikulifanya. Tapeli mkubwa yule, na ulimi wake wa asali!

Gari liko uani juu ya mawe. Baba bado hajajua. Mkikutana naye msikitini, mwambieni umekatika mkanda tu.