Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kwa vivuko vya msituni: zinafaa, ila angalia ncha

Kwa kivuko cha waenda kwa miguu chenye mwanya wa mita 4 kwenye njia za msituni hapa Mombasa, tunapendekeza nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kwa mgandamizo. Boriti za mikoko ni ngumu lakini nyembamba mno kwa mwanya huo, na mbambakofi bei yake haishikiki.

Rangi ya kijani ya nje isikudanganye. Muuzaji akukatie kisahani kwenye ncha: ukijani uingie angalau milimita 20 kabla ya kufika kwenye moyo wa kahawia. Ukiwa mwembamba kama ganda la yai, nguzo ilichovywa tu, na mchwa wataimaliza. Yenye mpasuko mrefu ikatae.

Chukua tatu za mita 5, zisizopungua sentimita 18 kwenye ncha nyembamba, ili kila upande ulale nusu mita juu ya zege au jiwe la matumbawe, kamwe si udongo. Zipishanishe, nene kwa nyembamba, na mgongo wa nguzo iliyopinda uelekee juu.

Kazi nyingi huharibikia kwenye msumeno. Moyo wa mkaratusi haunywi dawa, kwa hiyo kila mkato na kila tundu la bolti ni mlango wa maji. Agiza urefu kamili mapema. Ukilazimika kukata, paka dawa ya shaba kwa brashi, rudia mpaka mti ukatae kunywa. Fundi asiyetaka kusubiri hapo hafai kwa kazi hii.

Juu weka mbao 31 za inchi 6 kwa 2, kila moja futi 4. Misumari miwili kwa kila ubao kwenye kila nguzo ni 186: ya inchi 5, iliyochovywa zinki, na tundu litangulie kwa keekee, la sivyo mti hupasuka. Karibu na bahari tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Acha nafasi ya milimita 12 kati ya mbao. Penye mivinje, kama Bamburi, majani yake huziba nafasi ndogo, yakashika unyevu, na ubao ukaoza kuanzia pembeni.

Kasoro ya kivuko hiki ni utelezi wakati wa masika. Wavu wa kuku uliopigiliwa juu husaidia sana. Nguzo nyingi hutiwa dawa yenye arseniki, kwa hiyo mabaki yasipelekwe jikoni: moshi na majivu yake ni sumu.