Disiki ya piezo kwenye onyesho la kuchora, kughani na muziki: uzoefu wangu

Kwa msanii wa hapa Tabora anayetaka mchoro wenyewe utoe muziki huku shairi likighaniwa, sijaona kifaa kinachoifikia disiki ya piezo. Ni ile sahani nyembamba ya rangi ya shaba yenye duara jeupe katikati, inayogeuza mtikisiko kuwa umeme, ambayo mafundi redio huichomoa kwenye saa za kengele na midoli mibovu. Ninayotumia mimi ni ya milimita 27. Njia hii ina ukoo mrefu: mwaka 1960 mtunzi wa Marekani John Cage alichukua vichwa vya santuri, akachomeka vitu vidogo mahali pa sindano na kuzikuza sauti zake kwenye spika.

Wengi huichomeka moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), wakasikia mkwaruzo mkavu usio na besi, wakaitupa. Wanaionea. Disiki ya ukubwa huu ina uwezo wa kutunza chaji ya umeme wa nanofaradi 20 hivi. Ikikutana na tundu lenye ukinzani wa kilo-ohmu 10, sauti zote zilizo chini ya hezi 800 (mitikisiko 800 kwa sekunde) huanza kupungua. Kwenye tundu la maikrofoni la kilo-ohmu 2, upungufu huanzia kwenye hezi 4,000. Tundu la gitaa lenye mega-ohmu 1 hushusha mpaka huo hadi hezi 8, na hapo ndipo mkaa unaopita juu ya karatasi ya kaki unasikika na uzito wake wote, hata chembe zinapovunjika. Kama mikisa haina tundu hilo, tafuta kikuza sauti kidogo cha gitaa cha betri ya volti 9. Umeme wa volti 48 ambao mikisa hupeleka kwenye maikrofoni uzimwe kabisa.

Kulehemu kunahitaji mkono mwepesi. Ukiiacha pasi ya kulehemu kwenye duara jeupe zaidi ya sekunde mbili, utando wa fedha hubanduka na disiki imekwisha. Waya wa kati wa kebo uende kwenye duara jeupe, wavu wa nje unaouzunguka uende kwenye sahani. Ukivigeuza, utasikia muungurumo wa umeme kila kidole kinapoigusa sahani. Halafu funika maungio kwa gundi ya moto, kwani waya ukivutwa kidogo tu hung'oka.

Kwa kuibandika naipenda nta ya nyuki, na Tabora haiadimiki. Kanda kipande kidogo, kibonyeze kiwe chembamba, kisha bandika disiki upande wa chini wa ubao. Inashika vizuri, inang'oka bila kuharibu kitu. Ila juani nta hulainika na disiki huteleza, kwa hiyo onyesho la mchana lifanyie kivulini au ongeza utepe wa gundi.

Ubao nao una neno. Plaiwudi ya milimita 6 inapiga kelele kama ngoma, na spika zikiwa karibu inaanza kupiga mluzi. Ubao wa mninga wa inchi moja una sauti ndogo zaidi lakini safi, na kila mstari unaanza na kukoma waziwazi; mimi nauchagua huo. Weka sponji chini ya miguu ya meza, la sivyo hatua za mghani zitaingia kwenye mchoro. Spika zikae mbele ya ubao, na ukate sauti za chini ya hezi 80.

Usitegemee ishike ushairi. Disiki haisikii hewa, inasikia mtikisiko tu, kwa hiyo mghani lazima awe na maikrofoni yake ya kawaida. Brashi ya maji pia karibu haisikiki kabisa. Chaki kavu ndiyo kali kuliko zote, ipunguze sauti kabla ya kuanza.

Kwa bei yake, nalehemu tatu kwa mpigo: mbili zinakaa ubaoni, moja inakaa mfukoni ikiwa na waya wake tayari.