Kifurushi cha homa ya ini B kwa wanaopanga mimba Dodoma: kinachofaa na kinachopwaya

Huduma hii inapatikana kwa sura inayofanana katika maabara na zahanati nyingi za Dodoma mjini. Wenza wawili wanatobolewa vidole, wanasubiri robo saa, wanapewa karatasi iliyoandikwa HBsAg (protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B) hasi au chanya. Aliye hasi anaambiwa aanze chanjo, aliye chanya anaambiwa amwone daktari. Ina sehemu tatu, yaani kipimo, sindano na maelezo, na ubora wake haulingani. Sindano ni nzuri kuliko vyote. Kipimo ni kizuri kikifanywa kwa uangalifu. Maelezo ndiyo yanayopwaya, na kwa wanaotafuta mtoto hapo ndipo penye hasara.

Kwanza muda. Dozi tatu za chanjo huchukua miezi 6, na kipimo cha kuthibitisha kinga hufanywa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Anayetaka mambo yote yawe yamekamilika kabla ya kuacha uzazi wa mpango aanze miezi 7 au 8 mapema. Mimba ikitangulia si balaa, kwa sababu chanjo hii hutolewa hata kwa mjamzito. Hata hivyo aliyeanza mapema ana nafasi ya kurekebisha mambo.

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na tangu 2009 hutolewa ndani ya pentavalenti, sindano moja inayokinga magonjwa matano. Maana yake wengi wa wanaooana sasa, waliozaliwa kabla ya hapo, hawakuipata utotoni. Kadi ya njano ya wasafiri haihesabiki hapa, kwani hiyo ni ya homa ya manjano, ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa kipimo. Vipimo vya haraka vingi vinahitaji damu au seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ya maikrolita 50 hadi 100, na majibu husomwa kati ya dakika 15 na 20, kulingana na karatasi iliyo ndani ya boksi. Makosa tunayoyaona yanajirudia. Mstari hafifu unapuuzwa, kumbe mstari ukitokea ndani ya muda wake ni chanya hata ukiwa hafifu, na unatakiwa kuthibitishwa. Kipimo kinasomwa baada ya saa nzima, majimaji yameshakauka na mstari wa uongo umejichora. Mstari wa udhibiti, ule wa C, haujatokea lakini karatasi inaandikwa hasi, wakati kipimo cha namna hiyo kimeharibika na kinapaswa kurudiwa. Halafu kuna joto. Maboksi mengi yameandikwa yatunzwe kati ya nyuzi 2 na 30, na Dodoma ya Oktoba na Novemba hupita 30 mchana bila shida, achilia mbali ndani ya gari lililofungwa au rafu ya dirishani. Huna haja ya kuona aibu kuomba kuona tarehe ya kuisha muda, au kumwona mtaalamu akifungua pakiti mbele yako.

Hata kikifanywa sawasawa, kipimo hiki kinajibu swali moja tu: je, kirusi kipo sasa hivi? Aliyeambukizwa wiki iliyopita atatoka hasi, maana HBsAg kwa kawaida huonekana wiki 4 hivi baada ya maambukizi na inaweza kuchelewa hadi wiki 9 au 10. Tena hasi hiyo haisemi kama una kinga. Ndiyo maana tunashauri kila mmoja alipie vipimo vitatu mara moja, damu ikichotwa mshipani: HBsAg, anti-HBs (kingamwili inayoonyesha kinga) na anti-HBc ya jumla (kingamwili inayoonyesha kuwa uliwahi kukutana na kirusi chenyewe). Vyote vikiwa hasi, huna kirusi wala kinga, kachanjwe. Anti-HBs ikiwa chanya peke yake, ulishachanjwa. Anti-HBs na anti-HBc zikiwa chanya huku HBsAg ni hasi, uliwahi kuambukizwa na mwili ukaushinda. Chanjo kwako ni kupoteza hela bure, ila mwambie daktari siku utakapohitaji dawa za saratani au za kupunguza kinga ya mwili, kwa sababu kirusi kinaweza kuamka. Anti-HBc ikiwa chanya peke yake, usikubali tafsiri ya kaunta. Hiyo inahitaji daktari.

Tahadhari kuhusu kile kikaseti chenye madirisha matano kinachouzwa kama kipimo kamili. Katika vingi vya aina hiyo, madirisha mawili, ya HBeAb (kingamwili ya protini nyingine ya kirusi, HBeAg) na HBcAb (jina jingine la anti-HBc), husomwa kinyume: mstari ukitokea ni hasi, usipotokea ni chanya. Mhudumu asiyejua hilo anageuza majibu yote mawili bila mtu kushtuka. Kwa uamuzi mzito kama wa mimba, bora mashine ya maabara itoayo namba.

Kosa jingine ni mpangilio. Mtu anachomwa dozi ya kwanza Jumatatu, wiki inayofuata anapima HBsAg na kutoka chanya. Chanjo yenyewe ni HBsAg iliyotengenezwa, na inaweza kuonekana kwenye damu hadi wiki tatu baada ya sindano. Damu ichotwe kabla ya sindano, hata kama ni siku hiyohiyo.

Chanjo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Dozi ya mtu mzima kwa chapa nyingi ni mililita 1 yenye maikrogramu 20, mwanzo, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6. Ichomwe kwenye msuli wa bega. Matakoni mafuta huizuia kufanya kazi vizuri, na anayekuambia ulale kifudifudi kwa sindano hii mkatalie kwa adabu. Kichupa kikitikiswa kinapaswa kuwa na weupe uliosambaa sawa. Chanjo hii ina aluminiamu na ikiganda inaharibika moja kwa moja, kwa hiyo friji ya nyumbani yenye vichupa vilivyoegemea sehemu ya barafu ni sababu tosha ya kwenda kwingine. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8, na kipimajoto kiwepo ndani.

Ukichelewa dozi huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Anayekuuzia mzunguko mpya kwa sababu ulichelewa miezi miwili anakuuzia sindano usizohitaji. Kinachokatazwa ni kuwahi: kati ya dozi ya kwanza na ya pili zipite angalau wiki 4, ya pili na ya tatu wiki 8, ya kwanza na ya tatu wiki 16. Hili lina maana kwa wakulima wa Bahi, Kongwa na Chamwino, kwa sababu anayeanza Juni baada ya mavuno dozi yake ya tatu inaangukia Desemba, mvua zimeanza na shamba linamwita. Asiiache, akaichome akishapanda. Kwa wenza ambao mmoja yuko ofisini Dodoma na mwingine Dar es Salaam, dozi zinaweza kuchomwa miji tofauti ilimradi kadi inasafiri na mtu na ina tarehe, chapa na namba ya toleo.

Mmoja akiwa chanya, mwenzake asiye na kinga apimwe anti-HBs baada ya dozi ya tatu. Namba inayotafutwa ni 10 au zaidi kwa kipimo cha mIU/ml. Ikiwa chini, arudie mzunguko mmoja na kupima tena. Kondomu itumike hadi namba hiyo ifikiwe. Baba akiwa chanya na mama akiwa na kinga iliyothibitishwa, hakuna sababu ya kuahirisha mimba, kwani mtoto huambukizwa hasa na mama, wakati wa kuzaliwa.

Aliye chanya ndiye anayehudumiwa vibaya zaidi na kifurushi hiki. Karatasi inamwacha na hofu, na njiani anakutana na muuza dawa za kusafisha ini. Aachane naye, kwa kuwa baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe. Anachohitaji ni kliniki yenye daktari wa magonjwa ya ndani, kwa rufaa au moja kwa moja, na vipimo hivi: ALT (huonyesha ini likiumia), chembe sahani (za kugandisha damu), kreatinini (ya figo), VVU, HBeAg (huonyesha kirusi kinazaliana kwa kasi), ultrasound ya ini na wingi wa virusi kwenye damu. HBsAg irudiwe baada ya miezi 6. Ikibaki chanya, maambukizi ni ya kudumu. Majibu ya wingi wa virusi yaangaliwe kipimio, kwa sababu IU (vipimo vya kimataifa) 200,000 kwa mililita ni karibu kopi milioni 1, na kuchanganya hivyo viwili hubadilisha uamuzi. Anayetumia interferoni, sindano ya kutibu homa ya ini B, asipate mimba akiwa nayo. Tenofovia, dawa ya kudhibiti kirusi, miligramu 300 kwa siku inaruhusiwa kwenye mimba. Anayetumia ARV zenye tenofovia asiziache ghafla, homa ya ini inaweza kulipuka.

Mama chanya akishapata mimba, wingi wa virusi ukiwa IU 200,000 kwa mililita au zaidi, au HBeAg ikiwa chanya, huanzishiwa tenofovia, ikiwezekana kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, hadi angalau kujifungua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2024 unaruhusu pia kumpa kila mjamzito mwenye HBsAg pale ambapo vipimo hivyo havipatikani. Upasuaji hauhitajiki kwa sababu ya homa ya ini B peke yake.

Swali la kuuliza mapema, si siku ya uchungu, ni kama hospitali mtakayojifungulia ina chanjo ya homa ya ini B ya mtoto mchanga, ile ya peke yake. Pentavalenti haianzi kabla ya wiki ya 6, na mtoto wa mama chanya anahitaji dozi ndani ya saa 24. Aliyeambukizwa akizaliwa, uwezekano wa kubaki nao maisha yote unafika asilimia 90, wakati kwa mtu mzima hauzidi asilimia 5. Kama hawana, ulizieni hospitali kubwa ya rufaa au muuzaji wa chanjo binafsi kabla ya wiki ya 36, na mkubaliane nani ataihifadhi kwenye baridi usiku wa kujifungua. Immunoglobulini ya homa ya ini B, yaani sindano ya kingamwili zilizo tayari, mililita 0.5 ndani ya saa 12, huongezwa ikipatikana, ila kukosekana kwake kusicheleweshe chanjo. Kunyonyesha kuendelee kama kawaida. Mtoto amalize pentavalenti zake tatu, kisha apimwe HBsAg na anti-HBs akiwa na miezi 9 hadi 12. Kumpima mapema kuliko hapo kunaleta majibu yanayochanganya, kwa sababu kingamwili za sindano ya immunoglobulini huenda bado zimo kwenye damu yake.