Miaka mitatu nikiwa na Google Keep pembeni ya cherehani: uzoefu wangu

Mimi ni fundi nguo hapa Moshi, nawashonea wanawake na watoto, si mbali na soko la Mbuyuni. Nawaandikia mafundi wenzangu, na mtu yeyote ambaye kazi yake na nyumba yake vimetawanyika kwenye makaratasi. Nimetumia Google Keep miaka mitatu, kazini na nyumbani, na leo ukiniuliza kitu gani kimenipunguzia mateso zaidi, ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, au hii programu ya noti, nitasema noti.

Mwanzo nilikuwa na kaunta buku kama kila fundi. Juu ya ukurasa jina na tarehe, chini yake bega 15, kifua 38, kiuno 32, nyonga 42, urefu wa gauni 48, na pembeni kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini. Nilikuwa nayo kumi na moja, yamepangwa juu ya kabati. Watu hudhani ubaya wa kaunta buku ni kulowa au kuliwa na panya. Kwangu tatizo lilikuwa jingine: kaunta buku linawapanga wateja kwa siku waliyokuja, na mteja anaporudi harudi na tarehe, anarudi na jina. Tena jina lenyewe si lile aliloniandikisha.

Kwa asiyeijua Moshi, Desemba hapa ni mwezi wa peke yake. Watu wetu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na hata nje ya nchi kuja kula Krismasi kwao Kibosho, Machame, Marangu, Rombo. Familia nzima inataka kitambaa kimoja. Simu inaita tarehe 10: "Dada, ni mama Brayan, nishonee kama lile la mwaka juzi, mwili ni uleule, tarehe 22 nafika." Mama Brayan yupi? Alikuja peke yake au aliletwa? Nilikuwa nafunua kurasa huku pasi imewaka na wateja watatu wamekaa kwenye benchi. Wiki tatu hizo ndizo zinazonilipia kodi ya fremu kwa miezi mingi, na nilikuwa napoteza sehemu yake kutafuta vipimo ambavyo nilikuwa navyo.

Jaribio langu la kwanza la kuhamia kwenye simu liliniumiza. Nilitumia programu ya kuandikia niliyoikuta kwenye simu, nikahamisha vipimo vya wateja zaidi ya mia moja, jioni baada ya jioni. Novemba simu ikazima moja kwa moja, na fundi simu akaniambia kila kitu kilikuwa ndani ya simu tu, hakuna nakala popote. Nililia. Nikarudi kwenye kaunta buku, na mwaka huo niliwapigia wateja mmoja mmoja waje wapimwe tena.

Ndiyo maana jambo la kwanza nililouliza kuhusu Keep halikuwa rangi wala uzuri wake. Niliuliza: simu ikifa leo, noti ziko wapi? Keep ni ya Google, ilitoka mwaka 2013, haina malipo, na noti zinakaa kwenye akaunti yako ya Gmail. Unaingia kwa simu nyingine au kwenye kompyuta ya steshenari na unazikuta. Bando likiisha bado noti zinafunguka kwenye simu na unaandika, halafu ukipata mtandao zinapanda zenyewe.

Hapa naomba usikilize vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaanguka hapa. Gmail iliyo kwenye simu yako, nani aliifungua? Wengi tulifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua simu, akaweka nywila anayoijua yeye, na kesho yake hata yeye ameshasahau. Noti zako zitakuwa salama kabisa, ila wewe hutaingia. Kabla sijaandika kipimo hata kimoja nilifungua akaunti mpya mwenyewe, nikaweka namba yangu ya simu ya kurejeshea, na nywila nikaiandika kwenye karatasi iliyopo nyumbani kwa mama. Fanya hilo kwanza, mengine yatafuata.

Sasa utafutaji, maana ndiko faida yote iliko. Keep haina mafaili ndani ya mafaili. Ina lebo, ina rangi, unaweza kubandika noti ikae juu, basi. Mwanzoni nilihangaika na lebo nyingi: magauni, sketi, sare, harusi. Nimeziacha karibu zote. Nimebaki na utaratibu mmoja: mteja mmoja, noti moja, na ndani yake naandika kila jina ambalo mtu anaweza kulitumia kumtaja. Noti ya yule mteja wa Desemba inaanza hivi: "Mama Brayan, Dar, kwao Kibosho, shemeji yake mwalimu wa Kiboriloni ndiye alimleta, kitenge cha kijani chenye ndege." Akipiga yeye namwona. Akipiga shemeji namwona. Akisema tu "lile la ndege", naandika "ndege" na gauni linakuja. Kabla hajamaliza kunisalimia nimeshafungua nyonga yake.

Halafu sifuti kipimo cha zamani. Cha leo naandika juu na tarehe yake, cha jana kinashuka chini. Hili nililianza kwa tahadhari tu, likanifundisha kitu ambacho kaunta buku halikunionyesha kwa miaka tisa. Januari ni sare za shule, na mtoto mmoja nina vipimo vyake vya Januari tatu mfululizo: suruali ilikuwa inchi 22, ikaja 24, ikaja 25 na nusu. Nikaangalia watoto wengine kwa namna hiyohiyo. Siku hizi sishoni suruali ya mtoto wa shule bila kuacha pindo la inchi mbili ndani, na mzazi namwonyesha kwenye simu kwa nini. Mwaka unaofuata analeta ileile nishushe pindo, nalipwa kidogo, yeye anabaki na hela ya daftari. Wazazi hao hawajaniacha.

Kuchora pia ipo. Mteja akieleza shingo anayoitaka, nachora kwa kidole palepale mbele yake, tunakubaliana, mchoro unakaa ndani ya noti yake. Picha ya mteja mwenyewe sipigi. Vipimo vya mwili wa mtu ni siri yake, na simu yangu ina namba ya kufungulia ambayo watoto hawaijui.

Noti unaweza pia kumshirikisha mwingine. Mimi na binti anayenisaidia tuna orodha moja ya visanduku vya kuweka tiki: zipu nyeusi inchi 8, bitana mita mbili, uzi wa bluu bahari, vifungo dazeni. Anaibeba sokoni kwenye simu yake, akinunua anatia tiki nami naiona nikiwa kwenye cherehani, mradi wote tuna bando. Angalizo: mwenye noti akiifuta, inaondoka kwa wote. Iliyofutwa inakaa kwenye tupio siku 7, kisha inakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo noti za wateja zote zimefunguliwa na mimi, na kazi iliyokwisha naihamishia kwenye kumbukumbu ya Keep (Archive) badala ya kuifuta.

Nyumbani ninayo noti ya mama. Dawa za presha, saa za kumeza, tarehe ya kurudi kliniki, na maswali ya kumuuliza daktari, maana tukifika pale mbele yake huwa tunasahau yote. Kaka yangu aliye Dar na dada aliye Arusha wote wanaiona. Zamani tulikuwa tunalaumiana nani amenunua dawa na nani hajatuma. Siku hizi anayenunua anaandika mstari mmoja, tarehe na kiasi, na ugomvi ule umeisha. Kwa hili peke yake ningeishukuru.

Kikoba chetu, hapana. Nilijaribu kukiweka humo nikakitoa. Keep haijumlishi hesabu, ukiandika michango ya watu ishirini utajumlisha kwa kikokotoo mwenyewe. Lakini hata ingejumlisha nisingekihamisha. Kina mama wanataka kuona kitabu kimefunguliwa katikati ya mkeka, kila mmoja atie sahihi mbele ya wenzake. Hela ya watu inahitaji mashahidi, na simu yangu si shahidi wao. Vilevile namba za siri za benki au za simu usiziandike humo kamwe.

Ukiwa na kazi ya maandishi marefu, au unataka mafaili yenye ngazi na majedwali, hii itakubana. Ni karatasi ndogo ndogo nyingi zenye utafutaji mzuri. Kwa kazi ya cherehani inanitosha. Naipa nyota nne, ile ya tano imebaki kwenye hesabu.

Kuhamisha kaunta buku zote kumi na moja sikuhamisha. Mteja akirudi ndipo namwingiza, hapohapo nikiwa nampima, na ukurasa wake wa zamani naukata mstari. Hadi wiki iliyopita vitabu saba havina ukurasa usiokatwa. Vinne bado vipo juu ya kabati, na Desemba inakuja.