TAHADHARI: Mabomba ya friji yanauzwa Unguja kama paipu za breki

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa nyie mnaofufua magari ya zamani. Kuna jamaa anazunguka gereji za Mwanakwerekwe na Amani na koili za paipu za rangi ya shaba begani. Anasema ni paipu za breki za shaba na nikeli, hazishiki kutu. Elfu 80 koili, ukikaza uso anashuka mpaka 50. Msinunue. Ni mabomba ya friji na eisii.

Anaaminika kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Chumvi ya bahari inazila paipu za chuma, na shaba yenye nikeli kama asilimia 10 inahimili sana. Volvo waliianza miaka ya 1970. Ila anayouza yeye ni shaba tupu. Shaba tupu ikitikiswa kila siku hukakamaa, halafu hupasuka. Na ukikanyaga breki kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu linaweza kupita bar 100. Tairi lako lina bar 2 na kitu.

Koili aliyomuuzia jirani yangu mwenye Escudo niliipima kwa kalipa: milimita 6.35. Paipu ya breki ya gari nyingi za Kijapani ni 4.75. Haingii kwenye nati, na hapo ndipo uhuni wenyewe: anauza na nati "zake", ambazo ni nati za kawaida za M10 (nyuzi za kipenyo cha milimita 10) alizozitoboa kwa drili zipitishe paipu nene. Chuma kinachobaki chini ya nyuzi ni kama milimita moja. Moja ilikatika wakati wa kukaza, spana ndogo tu, bila nguvu yoyote.

Vipande alivyovitayarisha mwenyewe ni vibaya zaidi. Mdomo umetanuliwa mara moja kwa kifaa cha mafundi friji, wakati gari hizi zinataka mdomo uliokunjwa mara mbili. Kimoja kimeungwa katikati kwa kulehemu! Eti akamshauri jirani aipitishe paipu karibu na ekzosi ili ifupike. Mafuta ya breki yakichemka, pedeli inazama mpaka chini. Paipu mpya ifuate njia ya ile ya zamani, na klipu zake zote.

Sumaku haitakusaidia, maana hainasi shaba wala shaba yenye nikeli. Pima unene, na tafuta herufi ACR kwenye paipu. Hiyo ni alama ya mabomba ya eisii na friji. Kwenye koili hii zilikwanguliwa kwa msasa, zikabaki mabaki.

Aliyekwisha kufunga, gari isitoke uwani mpaka paipu zote zibadilishwe. Nati zake zitupeni. Risiti hatoi, kwa hiyo anayetaka kulalamika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara aende na paipu yenyewe mkononi.