Tuzo ya Rais Kenya: thamani yake iko safarini

Mzazi akiuliza kama Tuzo ya Rais itamkomaza mwanawe au itampa cheti tu, aangalie jinsi shule inavyoendesha safari ya miguu ya kulala nje. Programu hii, iliyoanza Kenya mwaka 1966, hupokea vijana wa miaka 14 hadi 24 kwa ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Kila ngazi ina huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari. Zile tatu za kwanza ni kama saa moja kwa wiki kila moja, kwa miezi kadhaa, na faida yake ni kudumu. Zinaharibika pale daftari la kumbukumbu za kijana linapojazwa lote usiku mmoja na msimamizi akatia sahihi.

Safari ndiyo moyo wake. Shaba ni siku mbili na usiku mmoja. Dhahabu ni siku nne na usiku tatu, saa 8 za kazi kila siku. Kikundi cha vijana 4 hadi 7 hubeba hema, chakula na jiko lao. Mzigo usizidi robo ya uzito wa mbebaji: mwenye kilo 48 abebe kilo 12, maji yakiwemo. Tafadhali mzazi, usimpakie begi. Asiyejua taa iko mfuko gani atalihangaikia begi zima gizani, mvua ikinyesha.

Tazama jambo dogo kama kisigino. Kijana akianza kuhisi joto ndani ya kiatu, asimame hapo hapo, avue, akaushe ngozi, abandike plasta. Ni dakika tano. Plasta anayo, kinachomzuia ni haya ya kuwasimamisha wenzake. Akinyamaza, lengelenge litapasuka na kundi zima litachechemea naye hadi jioni. Kusema mapema, na wenzake kumsubiri bila kununa, ndio ukomavu wenyewe, na haufundishiki darasani.

Ramani nayo ina funzo lake. Kwenye ile ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja. Kukosea njia panda kwa nusu saa ni kilomita mbili za kurudi. Mtathmini mzuri, yaani anayewapima safarini, huwaona wakikosea na hunyamaza. Mwalimu anayepaza sauti "si huko!" amewanyang'anya kazi waliyoijia. Mto uliofurika, radi au homa ni habari nyingine; hapo aingilie mara moja.

Kuna vijana waliokwisha kuonja taabu nyumbani: njaa, msiba, kulea wadogo zao. Hawa mara nyingi hubeba mizigo ya wenzao na hawaombi msaada kamwe. Wasisifiwe tu kwa uvumilivu. Wapewe ramani waongoze, na mtu mwingine apike. Baadaye, ripoti ya safari ambayo kila kikundi hutakiwa kutoa iwape nafasi ya kueleza walichoamua na kwa nini.

Gharama ya vifaa inauma, lakini raba zilizokwisha kuzoea mguu hutosha kwenye njia nyingi za Shaba. Viatu vipya ndivyo hatari. Kabla ya kulipa, uliza kama safari ya mazoezi hufanyika, na kama kwenye safari ya kupimwa mwalimu hutembea mbali na kikundi. Wakikwambia huwaongoza mwanzo mwisho, tafuta shule au kituo kingine kinachoendesha tuzo hii.